Wadada wa pikipiki na marafiki wa ugenini: maswali mnayoniuliza kila siku hapa Tanga

Haya maswali nakutana nayo saluni, Soko la Mgandini, na mengine yanaingia kwenye simu usiku watu wamelala. Wanaouliza ni wadada na wamama wa Tanga mjini, Muheza, Pangani, wengine wanaendesha tayari na wengine wanatamani tu, ila shida yao moja, wanataka wakitoka nje ya nchi wapate wanawake wenzao wa pikipiki wa kuzunguka nao. Najibu nnavyojua, na swali lisilo na mengi napita haraka.

Mie nna TVS ya cc 125 tu. Hao wenye mapikipiki makubwa si watanicheka?

Wakucheke kwa lipi mwaya? Mwaka 1973 mwanamke wa Ufaransa anaitwa Anne-France Dautheville alizunguka dunia peke yake na Kawasaki ya cc 125, yani cc zilezile za bodaboda unazozikuta zimepaki stendi ya Kange. Na ntakwambia kitu ambacho wenye makubwa hawapendi kusikia, mwenye cc 1200 anakimbia, anafika mapema, anakaa peke yake hotelini. Wewe wa cc 125 mgongo unauma, unasimama kila baada ya muda, unanunua maji, unauliza njia, mtoto anakuja kushika taa, mama yake anakuja kumfuata mtoto, hapo mazungumzo yashaanza. Watu wengi nnaowajua nje nimewapata nikiwa nimesimama, sio nikiwa nakimbia.

Ila sema ukweli mapema. Kama yako inatembea 70 waambie inatembea 70, wapange safari kwa mwendo wako. Kundi ambalo haliwezi kumsubiri mgeni achana nalo, hata kama picha zao nzuri.

Sijawahi kutoka nje ya Tanzania. Nianzie wapi?

Horohoro. Sie watu wa Tanga tuna bahati na hatujui, mpaka uko kilomita 65 hivi kutoka mjini, lami tupu, unapita Mabokweni, unapita Mkinga, upande wa pili ni Lunga Lunga. Kutoka hapo mpaka Mombasa ni kilomita mia na kidogo, na njiani kuna Msambweni, kuna Ukunda na Diani, watu wanaongea Kiswahili, biriani lipo, mahamri yapo, na wanaendesha kushoto kama sie. Kwaiyo ugeni unaonja kidogo kidogo. Ukizoea Kenya ndo ufikirie mbali, na ukifikiria Rwanda, Burundi au Kongo ujue kule wanapita kulia, siku ya kwanza usiendeshe usiku hata kidogo, na kila asubuhi ukitoka getini jikumbushe, maana mtu anakosea pale barabara ikiwa tupu, sio kwenye foleni.

Karatasi gani natakiwa kuwa nazo?

Pasipoti kwanza. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanatembeleana kwa vitambulisho, sie kadi ya NIDA haikuvushi. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000, viza ya Kenya Mtanzania haombi. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Leseni iwe na daraja A, sio ile ya gari peke yake. Bima ya Tanzania inaishia mpakani, muulize wakala wako kuhusu kadi ya njano ya COMESA, hiyo ndo inakulinda ukimgonga mtu upande wa pili.

Pikipiki nayo inaingia kwa kibali cha muda cha forodha, na wakati wa kurudi hakikisha kimefungwa, usipite tu kwa sababu jua linazama na umechoka. Alafu kuna hili linawakwamisha wadada wengi, pikipiki sio ya jina lako. Ya mume, ya kaka, au ya mkopo na kadi iko kwa waliokukopesha. Hapo unatakiwa uwe na barua ya mwenye mali, na kama ni ya mkopo anza kuifuatilia mapema, kuna ofisi utaambiwa njoo kesho mpaka uchoke.

Hao wanawake wa huko nawapataje?

Mtandaoni wapo, na vyama vikubwa vipo. WIMA ni chama cha kimataifa cha wanawake wa pikipiki, kilianzishwa na Louise Scherbyn kule Marekani mwaka 1950, kina matawi nchi nyingi. The Litas wameanza 2014 Salt Lake City, wao wanaenda kwa mji, kila mji na kundi lake. India kuna The Bikerni tangu 2011. Waandikie kabla hujaondoka, sema unatoka wapi, unaendesha nini, unakuja lini, unakaa siku ngapi. Usianze na "hi dear". Mtu anapata meseji nyingi za wanaume wanaojifanya wanawake, ukianza na hi dear anakublock.

Lakini njia yangu mie ni fundi. Ukifika mji wowote tafuta fundi pikipiki mwenye wateja wengi, mwambie akukazie cheni au aangalie breki, kitu kidogo tu, alafu muulize, hapa mjini kuna wanawake wanaoendesha? Fundi anawajua wote. Anajua yupi nesi, yupi anapeleka oda za keki, yupi bodaboda, na atampigia simu mbele yako kwa sababu na yeye anataka kuona mtakavyokutana. Kwenye mitandao unawapata wenye muda wa kupiga picha, kwa fundi unawapata wanaoendesha kila siku, na hao ndo wanajua njia, wanajua kibanda chenye supu nzuri, wanajua kona gani mchanga unamwagika.

Nitajuaje kama ni mwanamke kweli na sio tapeli?

Piga video. Akikataa mara mbili basi. Mkutane mchana, kwenye sheli kubwa yenye watu, kila mtu kwenye pikipiki yake. Usiku wa kwanza lala gesti uliyoitafuta mwenyewe, hata kama anakulazimisha uende kwake, mwambie kesho. Picha ya pasipoti usimtumie mtu, hela ya "kukubukia sehemu" usitume. Nyumbani waachie jina lake na namba yake, na lokesheni ya simu iwe wazi kwa mtu mmoja unayemuamini. Mwenye nia njema hakasiriki ukichukua tahadhari, na yeye anazichukua.

Navaa hijabu na baibui. Inawezekana kweli?

Inawezekana na wengi tunafanya. Baibui refu ndo tatizo, linaingia kwenye cheni au spoku na hapo huna muda hata wa kupiga kelele. Vaa suruali pana ngumu, juu yake koti au gauni linaloishia magotini lenye mpasuo, ukifika unatoa baibui kwenye begi unavaa juu, dakika moja. Kichwani vaa kofia ya hijabu ya kotoni, ile inayobana, bila pini kabisa, pini chini ya helmeti ukianguka ni balaa. Nywele usifunge fundo kisogoni, helmeti itakaa juu juu kama sufuria. Na ukienda kununua helmeti nenda umevaa hiyo kofia, ukijaribia kichwa kitupu utakuja kulia mbele ya safari.

Mombasa na pwani yote hakuna atakayekushangaa. Kwengine watakuuliza, wajibu tu, na mara nyingi swali la hijabu ndo linageuka kuwa soga la saa nzima.

Lile la kusafiri bila maharimu muulize shehe wako. Mie siyo wa kutoa fatwa.

Mume wangu hataki. Anasema wanawake wa pikipiki wahuni.

Mume ana hofu mbili na wewe unazijibu kama moja. Hofu ya ajali ni ya kweli, hiyo mjibu kwa vitu, muonyeshe helmeti, koti, glavu, buti, muonyeshe bima, mwambie hutaendesha usiku, na kweli usiendeshe. Hofu ya maneno ya watu nayo unaijua, Tanga mtu akikohoa Chumbageni wanamjulia hali Ngamiani. Hapo mkutanishe na hao marafiki zako kwa simu. Akiongea na mama mmoja wa Ukunda, mtu mzima, ana wajukuu, anamwita mwanangu na kumuulizia watoto, mbona analainika. Wengine hawalainiki, najua. Siwezi kukwambia umtoroke.

Mie ni wa kubebwa nyuma, siendeshi. Napata marafiki au nitakuwa mzigo?

Wa nyuma anapata marafiki haraka kuliko wa mbele! Wa mbele macho barabarani, wewe ndo unapunga mkono, unaangalia ramani, unapiga picha, mkisimama una nguvu za kuongea wakati mwenzio anatafuta pa kulala chali. Ukiwa nyuma usiegemee upande tofauti na dereva kwenye kona, basi.

Nikialikwa kuendesha na kundi lao nifanyeje nisionekane mshamba?

Uliza kabla ya kuwasha, kila kundi lina utaratibu wake. Ila mengi yanafanana dunia nzima. Mnaenda zigizaga, mmoja kulia mmoja kushoto kwenye leni, mwanya wa sekunde mbili kati yako na wa mbele yako mnaofuatana. Wa mbele anaijua njia, wa nyuma kabisa ni mzoefu asiyeacha mtu, na mgeni au mwenye pikipiki ndogo anakaa karibu na wa mbele ili yeye ndo apange mwendo. Ukiwekwa nafasi ya pili usidhani wanakudharau, wanakutunza.

Ishara: wa mbele akitoa mguu wa kushoto nje, kuna shimo kushoto. Akigonga juu ya helmeti, kuna trafiki mbele. Akinyoosha kidole kwenye tenki anataka mafuta. Ukiziona fanya hivohivo ili wa nyuma yako naye aone, maana ishara ikikatika kwako wa nyuma anaingia shimoni. Kufuata tu kwa utulivu siku nzima kunakupa heshima kuliko kupita watu, na wanaopita watu ndo hawaalikwi tena.

Nani analipa nini?

Mafuta kila mtu yake, hilo lisijadiliwe. Pancha ni ya mwenye tairi. Chakula, mwenyeji atang'ang'ania kulipa cha kwanza, kubali bila kuvutana mbele ya watu, cha pili wahi wewe. Ukilala kwake peleka kitu. Mie napeleka kanga, nyepesi, haivunjiki, ila soma maandishi kabla hujanunua! Usimpelekee mwenyeji wako kanga yenye kijembe. Na usifunge zawadi kwenye mfuko wa plastiki, Kenya walipiga marufuku 2017, sie 2019, tumia kikapu au kitambaa. Machungwa ya Muheza tunayapenda wote, ila matunda mpakani yana ukaguzi wake, bora wenyeji wako waje wayale hukuhuku.

Nasafiri bila pikipiki yangu, nampeleka mama India hospitali. Kuna namna?

Wengi wetu India ndo nje yetu ya kwanza, na ni kwa ugonjwa, kwaiyo usione aibu kuuliza. Andikia wale wa Bikerni uwaambie hali halisi, niko na mgonjwa, nna asubuhi moja tu. Huna haja ya kukodi chochote, omba kubebwa au omba chai. Mtu aliye ugenini hospitali akipata mwenyeji mmoja anayejua duka la dawa liko wapi na teksi isizidi bei gani, hiyo ni rafiki tayari, pikipiki ilikuwa njia ya kumfikia tu. Ukitaka kukodi ubebe kibali cha kimataifa cha udereva pamoja na leseni yako, na helmeti ya kukodi inuse kwanza.

Wenye ndugu Uarabuni pia wananiuliza. Saudia wanawake waliruhusiwa kuendesha tarehe 24 Juni 2018, na pikipiki zimo. Kwaiyo kule ukimkuta anayeendesha, wengi wana miaka michache tu barabarani, mtafundishana.

Wakija huku kwetu niwapeleke wapi?

Swali hili nalipenda, na hamuulizi vya kutosha. Watu wanataka kupokelewa Mombasa, Mombasa wakija Tanga simu imezimwa.

Mgeni akifika siku ya kwanza usimpeleke popote. Mpe sehemu ya kupaki ndani ya geti, maji ya kuoga, sehemu ya kufua nguo, na namba ya fundi. Picha za pamoja kesho. Mwanamke aliyeendesha kutwa nzima juani anataka kulala, na akiamka akute chai na vitumbua atakukumbuka maisha.

Siku ya pili asubuhi Mapango ya Amboni, ni kama kilomita nane tu kutoka mjini, mwende mapema kabla ya mabasi ya wanafunzi. Jioni Raskazone kuogelea. Siku nyingine barabara ya Pangani, mkifika Tongoni mwache aone magofu ya msikiti na makaburi ya kale, alafu mwendelee mpaka Pangani mle samaki. Mwenye kupenda kona mpeleke Lushoto, kutoka Mombo kupanda ni kilomita 33 hivi, lami, kona baada ya kona, mawe upande mmoja na bonde upande mwingine, baridi inawapiga mkiwa bado na jasho la Korogwe. Mabasi yanashuka katikati ya barabara, kaa kushoto kwako na upige honi kabla ya kona.

Amani kupitia Muheza ni pazuri kuliko kote kwa maoni yangu, msitu, chai, bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani 1902, ila njia ni ya vumbi na mvua ikinyesha inageuka utelezi mtupu. Mgeni mwenye pikipiki nzito na mizigo usimpeleke kule masika, atalazimika kuwa na adabu asikwambie anachofikiria.

Na mwambie kuhusu tochi, ile ya trafiki ya kupima spidi. Kila kijiji 50, na trafiki yuko chini ya mwembe.

Eti kuna siku ya wanawake wa pikipiki duniani?

Ipo, International Female Ride Day, aliianzisha Vicki Gray mwaka 2007, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano. Aliyechagua mwezi huo hakuwa anafikiria Tanga, kwetu ndo masika yamekolea. Toka na koti la mvua, zunguka mjini tu, tuma picha kwa wenzako wa nje ukiwa umelowa, watacheka na watajibu.

Nna miaka 50 na kitu. Si nimechelewa?

Hapana mama. Na kama unadhani haya ni mambo ya watoto wa juzi, mwaka 1934 Waingereza wawili, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, walitoka London na pikipiki ya cc 600 wakivuta tela, wakakatiza Sahara, 1935 wako Cape Town. Lami gani ilikuwepo?

Alafu yuko Bessie Stringfield, Mmarekani mweusi, miaka ya 30 huko. Alikuwa anatupa sarafu juu ya ramani, inapoangukia ndo anaenda. Hoteli zilimkataa kwa sababu ya rangi, akawa analala juu ya pikipiki kwenye vituo vya mafuta, au familia za watu weusi kwenye miji aliyopita zinamkaribisha ndani. Watu hawamjui, wanamfungulia mlango. Aliendesha mpaka uzeeni, alifariki 1993, na 2002 wakaliweka jina lake kwenye ukumbi wa heshima wa chama cha waendesha pikipiki Marekani. Mie kila nikisoma habari zake naziwaza zile familia kuliko pikipiki.

Tukirudi nyumbani urafiki unafia kwenye grupu la wasap. Nifanyeje?

Grupu ni la kutuma asubuhi njema. Urafiki weka kwa mtu mmoja mmoja. Mpigie siku ya Idi au Krismasi, muulize pikipiki yake kwa jina kama ameipa jina, mtumie spea ambayo kwao ghali ukipata mtu anayevuka. Na panga tarehe kabla hamjaagana, hata ya mbali, mtu akishajua anakuja Tanga mwezi wa saba anaanza kuuliza njia, na maongezi hayakauki. Mwezi wa saba mzuri, mvua imeisha, jua sio kali. Mwezi wa nne usimwite mtu.

Mie hata kuendesha sijui. Nianze vipi?

Baiskeli unajua? Mtoto wa Tanga asiyejua baiskeli ni nani, basi balansi unayo, kinachobaki ni klachi na gia. Tafuta uwanja mtupu asubuhi, mwanamke mwenzio akufundishe kama yupo, pikipiki nyepesi ya cc 100 au 125, miguu yote miwili ifike chini. Ukishaweza kwenda, kusimama na kugeuka bila kuzima nenda chuo cha udereva uchukue lena, yani leseni ya kujifunzia, alafu leseni yenyewe. Mjini usiingie na abiria mpaka uizoee. Na uje na viatu vya kufunga, kila wiki kuna mmoja anakuja kujifunza na kandambili na namrudisha.